Kuseti alamu kwenye skrini za mashine, na kwa nini historia yako inakudanganya

Buza, ile inayolia alamu ikiingia, ilikuwa imezungushiwa mkanda mweusi wa umeme, mizunguko kama minne hivi, na chini ya mkanda wamebana kipande cha sponji. Hicho ndo kitu cha kwanza nilichokiona nilipoingia kwenye kile kiwanda cha maziwa (jina na mkoa tuviache), na hata kabla sijafungua laptop nikajua kazi yangu iko wapi. Operata akifikia hatua ya kuiziba buza mdomo, ujue aliyeseti alamu ndo mwenye kesi, sio yeye.

Ila mimi nilikuwa nimeitwa kwa shida nyingine. Pasteuraiza yao ilikuwa inarudisha maziwa usiku. Kwa ambaye hajawahi kuiona, maziwa yanapashwa mpaka nyuzi 72 na yanakaa kwenye joto hilo sekunde 15 yakiwa yanapita kwenye bomba, sasa joto likishuka chini ya hapo kuna valvu inageuka yenyewe na kuyarudisha maziwa kwenye tenki la mwanzo yapashwe upya. Ni usalama, lazima iwe hivyo. Shida ni kwamba ya kwao ilikuwa inageuka joto likiwa 74, na walishabadilisha sensa ya joto mara mbili, wakabadilisha na kadi ya analogi (inayopokea vipimo vya sensa) ya PLC, ile kompyuta ndogo inayoendesha mashine, hela ikaenda na maziwa yakaendelea kurudi.

Nikasema haya, tuangalie historia ya alamu usiku wa jana nini kilitangulia. Nikafungua. Paneli, yaani ile skrini ya mashine, ilikuwa inatunza mistari 1,000 tu, ikijaa inafuta ya zamani, na katika hiyo 1,000 zaidi ya 900 ilikuwa ni sentensi moja: LOW LEVEL BALANCE TANK, yaani levo iko chini kwenye lile tenki la mwanzo. Imeingia, imetoka, imeingia, imetoka. Mstari wa zamani kabisa ulikuwa wa asubuhi ile ile, kama masaa matatu tu nyuma. Tukio la usiku lilishafutwa zamani na maziwa yanayocheza kwenye tenki!

Ndo maana kila nikifundisha vijana nawaambia watenganishe vitu viwili. Alamu ni ya operata aliyesimama pale sasa hivi, kazi yake ni kumwambia fanya kitu. Historia ni ya fundi atakayekuja kesho, kazi yake ni kumwambia nini kilianza. Wengi tunaziseti kwa pamoja kama kitu kimoja, tunaweka tiki kila mahali, mwisho wa siku operata anapigiwa kelele za fundi na fundi anarithi takataka za operata.

Tuanze na hiyo levo. Sensa ya levo ni ya ON na OFF, maziwa yakiwa karibu na ncha yake yanapiga mawimbi, kwahiyo inawaka na kuzima mara kadhaa kwa dakika. Hapo dawa ni kuchelewesha tu, sensa ikae OFF sekunde 5 mfululizo ndo iitwe alamu. Unaweza kuifanya kwenye paneli kama inaruhusu, mimi napenda kuifanya kwenye PLC kwa taima ya kawaida maana paneli inaweza kubadilishwa ikaja ya aina nyingine na settingi zikapotea zote. Kwa vitu vya analogi kama joto, kuchelewesha peke yake hakutoshi, unahitaji na dedibandi. Yaani onyo linalia joto likishuka chini ya 73 lakini halizimiki likifika 73.1, linasubiri mpaka 73.5. Bila hiyo nusu digrii joto linacheza 72.9, 73.0, 72.9 na buza inaimba taarabu usiku kucha. Na hapo naongelea onyo la operata tu, ile 72 ya valvu usiiguse, hiyo ni ya usalama wa chakula na ina watu wake.

Kuna na zile alamu zinazokaa nyekundu muda wote. Pale nilikuta 14. Jumapili mashine imezimwa, pampu imelala, na skrini inalalamika flo (mtiririko) iko chini, presha iko chini, joto liko chini. Sasa ndugu yangu pampu haizunguki, flo itoke wapi? Alamu ya flo ndogo lazima ifungwe na sharti kwamba pampu inazunguka na zimeshapita sekunde kadhaa tangu iwashwe. Operata akizoea kuona nyekundu 14, ya 15 haioni hata kama ni moto.

Hii sio kelele zangu za kijiweni. Tarehe 24 Julai 1994 kiwanda cha kusafisha mafuta huko Milford Haven, Wales kililipuka, watu 26 wakaumia, na uchunguzi ukakuta kwamba ndani ya dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko operata wawili walipigiwa alamu 275. Alamu 275 dakika 11, hata kuzisoma tu huwezi, achilia mbali kuzifanyia kazi. Baada ya hapo miongozo ikaanza kutoka, EEMUA 191 ya Uingereza mwaka 1999, ISA-18.2 ya Marekani mwaka 2009, na kipimo kinachotajwa sana ni kwamba operata mmoja asipate zaidi ya wastani wa alamu moja kila dakika 10 mambo yakiwa ya kawaida. Nenda kahesabu za kwako, utacheka. Na kwenye madaraja ya uzito mgao unaopendekezwa ni karibu asilimia 80 ziwe za chini, 15 za kati na 5 tu za juu kabisa, sisi tunazipa zote nyekundu eti ili watilie maanani.

Turudi usiku wa maziwa.

Nilipotuliza levo nikasubiri shifti ya usiku. Tukio likatokea tena, asubuhi nikafungua historia safi kabisa, mistari kama ishirini hivi inasomeka. Na hapo ndo nikakutana na tatizo la pili ambalo kwetu huku ni kubwa kuliko wanavyodhani walioandika manyuali, vile vitabu vya maelekezo ya mashine. Saa.

Daftari la operata liliandikwa kwa mkono: "valvu imerudisha maziwa saa 8 na dakika 5 usiku". Paneli ikasema 23:05, tena tarehe ya jana yake. Bosi wa uzalishaji akaanza kufoka kwamba operata anajaza daftari kwa kubuni, anaandika akiwa amelala. Kumbe wote wawili wako sawa. Paneli ilikuwa kwenye saa ya UTC, ile saa ya kimataifa, kama ilivyotoka kiwandani, sisi tuko masaa matatu mbele, kwahiyo 23:05 yake ni 02:05 ya huku, na 02:05 kwa Kiswahili ndo saa 8 na dakika 5 usiku. Tena yeye aliandika usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi, kitu ambacho hakuna paneli duniani inayokielewa. Kijana alikuwa ameshaandikiwa barua ya onyo kwa ajili ya masaa matatu ya UTC!

Kwahiyo kabla hujaseti alamu hata moja seti saa. Chagua kifaa kimoja kiwe mwenye saa, mara nyingi naifanya PLC, na paneli zote zichukue kwake, au kama kuna netiweki nzuri zote zichukue kwenye seva ya saa. Usiseti paneli kwa kidole na kuondoka, mashine ikizimwa wiki kadhaa au betri ikichoka saa inarudi miaka ya nyuma huko na hamna atakayegundua mpaka siku ya kesi. Na kwenye shifti mimi nabandika karatasi ndogo pembeni ya skrini, 02:00 = saa 8 usiku, 20:00 = saa 2 usiku, wakati wa kuandika daftari waandike kama ilivyo kwenye skrini. Wengine wanaona ni utoto. Sawa.

Haya, saa imekaa sawa, tunasoma mistari. Valvu imegeuka, flo ya kwenda kupakia imekatika, mashine ya kupakia imesimama, zote zina saa ile ile, 02:05:17. Ipi ilianza? Hapa wengi wanadanganyika. Kwenye paneli nyingi zile alamu za biti (biti ni alama ya 0 au 1 ndani ya PLC) muda unaandikwa na paneli yenyewe pale inaposoma PLC, na kawaida inasoma kila sekunde 1. Vitu vitano vikitokea ndani ya sekunde moja vitapewa muda mmoja, na mpangilio wake kwenye skrini usiuamini. Mbaya zaidi, kitu kikiwaka na kuzima ndani ya nusu sekunde kati ya usomaji mmoja na mwingine, paneli haikioni kabisa, hakijawahi kutokea.

Nikafanya mambo mawili kwenye PLC. Moja, kila biti ya alamu nikaishikilia, ikiwaka inabaki imewaka mpaka operata abonyeze kile kitufe cha ACK, cha kukubali kwamba ameiona, na chanzo kiwe kimeondoka. Mbili, nikaweka rejista ya "wa kwanza", yaani alamu ya kwanza kuingia wakati mashine inakimbia inaandika namba yake pale na wengine wote wanakuta mlango umefungwa mpaka ireset. Usiku uliofuata, 02:09, namba iliyokaa pale ilikuwa ya presha ya hewa.

Presha ya hewa! Alamu yake ilikuwepo kwenye orodha miaka yote, ila presha ilikuwa inashuka kwa muda mfupi sana, chini ya sekunde, paneli haijawahi kuiona hata mara moja. Ile valvu inashikiliwa na hewa, hewa ikipungua springi inairudisha upande wa salama, ndo maana ilikuwa inageuka joto likiwa zuri. Na saa 8 usiku kuna nini? Watu wa usafi wanafungua mpira mkubwa wa hewa kukausha kreti, laini ile ile. Tulichomoa laini ya kreti tukaipa tenki lake dogo na valvu ya kuzuia hewa isirudi nyuma, hamna cha sensa ya joto wala kadi.

Mambo mengine niyapitie haraka. Ukitumia PLC ya Siemens kuwa makini na namba za biti, alamu inasoma wodi (biti 16, yaani baiti mbili) na baiti zake zimepishana, biti 0 ya DBW0 ni DBX1.0, wakati DBX0.0 ndo biti ya 8. Usipojua hilo mlango ukifunguliwa skrini itakwambia mota imetripu. Kwenye Modbus, ile lugha ya vifaa kuongea vyenyewe kwa vyenyewe, kuna balaa lake la kuanza kuhesabu 0 au 1. Usibishane na manyuali, kabla hujakabidhi washa biti moja moja na mtu asome kwenye skrini kwa sauti, alamu 80 ni saa moja na nusu ya kazi na soda mbili.

Herufi za hali ya alamu kwenye historia nazo waeleze operata: I imeingia, A imekubaliwa, O imetoka. Ukikuta mashine ya zamani kutoka Ujerumani inaandika K, Q, G ni vile vile tu kwa Kijerumani chao. Na wasisitizie kwamba kukubali sio kutengeneza, umesema tu nimekuona.

Maneno ya alamu andika kwa lugha ya anayesoma. "PMP2 OL TRIP" ni ya kwangu mimi. Yeye mwandikie "Pampu ya 2 imetripu ovalodi, angalia kama imeziba, ita fundi umeme". Ukishindwa kuandika huo mkia wa afanye nini, basi hiyo sio alamu, ipeleke kwenye historia bila buza.

Historia yenyewe usiiache kwenye memori ya ndani tu. Weka kadi ya SD au flashi, faili kwa CSV ili ifunguke kwenye Excel, iwe ya kuzunguka ili isijae ikagoma, na flashi iwe ndani ya boksi la umeme sio mbele, mbele itaondoka na nyimbo. Kitufe cha kufuta historia kipe paswedi. Nimeshakuta kiwanda ambacho kila mkaguzi akija historia inakuwa nyeupe kama theluji ya Kilimanjaro.

Miezi miwili baadaye nilipita pale kwa kazi nyingine. Sponji na mkanda bado viko kwenye buza. Nikamuuliza yule kijana wa shifti ya usiku, mbona hujatoa? Akaiangalia kama anaiona mara ya kwanza, akasema fundi, siku hizi hailii, nilishasahau kama ipo. Nikachukua kisu nikaukata mkanda mwenyewe.