Manusura halazimiki kusimulia yote

"Mwache aseme yote, atapata nafuu." Kauli hii kuhusu manusura wa maafa utaisikia hata kwa wahudumu wa afya ya jamii. Si sahihi. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 unamtaka mhudumu atazame, asikilize na aunganishe watu na msaada. Asimshinikize mtu kusimulia. Ukimchokonoa aliyetolewa kwenye tope, kama lile lililoshuka Mlima Hanang, Tanzania, Desemba 2023, unaweza kumzidishia machungu.

Anza na yaliyo karibu: "Mama, umekunywa maji? Tumpigie nani simu?" Akinyamaza, kaa naye. Akisema, usimkatize, wala usiharakishe kumwambia "ni mapenzi ya Mungu" (hili tunalipenda mno).

Kinachosahaulika zaidi ni kujitambua. Mhudumu aliyefiwa juzi akisikia habari za mtoto aliyezama, mikono humtetemeka, akaanza kumwaga mawaidha ili mazungumzo yaishe. Akijijua, atavuta pumzi na kumwachia mwenzake. Na anayetaja kujiua apelekwe kwa mtaalamu siku hiyohiyo, asiachwe peke yake njiani.