Kidole chini ya bomba: ninavyokagua baiskeli kuukuu ya mbio

Nikiitwa kuangalia baiskeli kuukuu ya mbio inayouzwa, kitu cha kwanza ninachofanya humshangaza mwenye mali. Napiga goti, naingiza mkono chini ya fremu, nyuma kidogo tu ya kichwa cha usukani, lile bomba fupi la mbele, halafu nafumba macho. Kidole cha shahada kinapita polepole chini ya bomba la juu, kisha chini ya bomba la kushuka, linalotoka hapo kwenda kwenye pedali. Natafuta kitu ambacho jicho hukikosa: kivimbe chembamba kama mshipa wa mkono, au mkunjo wa rangi usiofika hata milimita moja. Nikikigusa, habari ya bei imekwisha kabla haijaanza.

Baiskeli ikigonga kitu uso kwa uso, gurudumu la mbele husukumwa nyuma, foku, yaani uma unaoshika gurudumu hilo, hupinda, na kishindo chote huingia kwenye fremu. Sasa mabomba ya fremu nzuri za zamani hayana unene mmoja. Ncha ni nene, katikati ni pembamba, ili baiskeli iwe nyepesi bila kudhoofika kwenye maungio. Columbus SL, bomba la Kiitaliano lililopendwa sana na mafundi wa fremu za mbio miaka ya 1970 na 1980, lina milimita 0.9 kwenye ncha na 0.6 katikati. Pale unene unapopungua, sentimita chache nyuma ya ungio, ndipo chuma hukunjika. Na hukunjika upande wa chini, kwa sababu huko ndiko kunakobanwa. Juu rangi inabaki nzuri kabisa. Picha ya tangazo iliyopigwa kwa ubavu haionyeshi lolote.

Nilijifunza hili kwa mfuko wangu mwenyewe. Zamani, kabla sijawa na sifa yoyote ya ufundi, nilinunua fremu ya buluu ambayo foku yake ilikuwa imenyooka kama mshale, kromu inang'aa. Nilikuwa nimeambiwa kwamba foku nzima ni ushahidi wa fremu nzima, nikaamini. Nilipoiosha nyumbani nikaona buluu ya foku na buluu ya fremu si ndugu, ni majirani tu. Nikapitisha kidole chini ya bomba la kushuka. Mawimbi mawili, moja nyuma ya jingine. Mtu alikuwa ameanguka nayo, foku ikapinda, akaweka foku nyingine na kuuza fremu ile ile. Bado ninayo, imetundikwa kichwa chini karakana, na kila anayetaka kujifunza kazi hii huanza kwa kuipapasa.

Kwa hiyo swali langu siku hizi si kama foku imenyooka. Ni kama hii ndiyo foku iliyozaliwa na fremu hii. Nalinganisha rangi mahali pasipopigwa na jua, mfano chini ya breki ya mbele. Naangalia mtindo: ikiwa lagi za fremu, yaani vile vipande vya chuma vinavyokumbatia maungio ya mabomba, zina ncha ndefu zilizochongwa kwa ustadi, halafu kichwa cha foku ni kipana na kimeachwa vivi hivi bila kuchongwa, nauliza. Foku ngeni si kosa lenyewe, hubadilishwa pia kwa kutu au kwa sababu ya saizi. Lakini ikiwepo, kidole changu kinapita mara mbili.

Foku yenyewe hukaguliwa kwa ubavu. Simama mita mbili hivi kando ya baiskeli, panga jicho na mstari wa kichwa cha usukani, uufuate kushuka. Miguu ya foku inapaswa kuendelea na mstari ule ule ikiwa imenyooka, kisha karibu na chini ndipo ianze kujikunja kwenda mbele kwa upole. Ikiwa mstari umevunjika mara tu baada ya kichwa cha foku, miguu ikarudi nyuma kabla ya kwenda mbele, hiyo imegonga. Dalili nyingine ni ncha ya kiatu kugusa gurudumu kila unapokata kona, ingawa fremu ndogo za mbio nyingi huzaliwa hivyo.

Haya, jina. Watu wengi huanza hapo, mimi huja hapo baadaye, kwa sababu stika ni karatasi. Stika za Reynolds 531, bomba la Kiingereza lililoingia sokoni mwaka 1935, huchapishwa upya na kununuliwa na yeyote. Chuma ni kigumu zaidi kudanganya. Toa nguzo ya kiti usome kipenyo kilichogongwa juu yake. Fremu nyingi za Columbus SL, na za Reynolds 531 lile jembamba, humeza nguzo ya milimita 27.2. Ikiwa stika inajigamba kuwa bomba la mbio na nguzo inayokaa sawasawa ni 26.0 au chini yake, bomba la kiti lina ukuta mnene, na jigambo hilo lina walakini. Angalia pia masikio mawili ya lagi ya kiti pale boliti inapopita. Yakiwa yamekaribiana kwa juu kama midomo inayotaka kupiga mluzi, mtu alilazimisha nguzo nyembamba kuliko tundu, na kwenye mikunjo hiyo nyufa hupenda kuanzia.

Boksi la krenki, bomba fupi la chini ambamo ekseli ya mikono ya pedali huzunguka, nalo linasema asili yake. La Kiitaliano lina upana wa milimita 70 na vikombe vyake vya gololi vimeandikwa 36 x 24, yaani kipenyo na idadi ya nyuzi za skrubu. La Kiingereza ni 68, na maandishi ni 1.370 x 24. La Kifaransa la zamani ni 68 pia lakini nyuzi zake ni za milimita 35, na yeyote aliyewahi kutafuta vipuri vyake anajua kwa nini nakunja uso nikiliona. Upana wa nyuma, kati ya vishikio vya ekseli, hutaja umri kwa kukadiria: 120 kwa gia tano, 126 kwa sita au saba, 130 kwa nane na kuendelea. Tahadhari tu kwamba fremu za chuma hupanuliwa, na wengine huzipanua vibaya.

Vifaa vina tarehe zake, na hapa ndipo kazi hii inakuwa tamu. Nyuma ya mkono wa krenki wa kampuni ya Shimano kuna herufi mbili ndogo. Ya kwanza ni mwaka, A ikiwa 1976, B ikiwa 1977 na kuendelea. Ya pili ni mwezi, A Januari hadi L Desemba. Ukikuta KB, kipande hicho kilitoka kiwandani Februari 1986. Vibadilisha gia vya nyuma vya Campagnolo Nuovo Record, aina iliyotoka mwaka 1967, vingi vya miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 vimechorwa neno PATENT na tarakimu mbili za mwaka. Tarehe moja haithibitishi kitu. Natafuta kundi. Krenki, habu (kitovu cha gurudumu) na kibadilisha gia vikiwa vya mwaka mmoja au miwili inayofuatana, baiskeli ina uwezekano mkubwa wa kuwa haijavunjwa na kuungwa upya. Mwenye nayo akisema ni ya 1975 huku vishikio vya kubadilishia gia vimo ndani ya vishikio vya breki, basi mtindo huo wa Shimano ulifika barabarani mwaka 1990. Labda vifaa vimebadilishwa, labda hadithi.

Baada ya utambulisho narudi kwenye majeraha. Natoa uzi wa nailoni. Naufunga kwenye kishikio cha ekseli cha nyuma kushoto, nauzungusha mbele ya kichwa cha usukani, naurudisha hadi kishikio cha kulia na kuukaza. Kisha kwa rula napima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kila upande. Tofauti ya milimita moja au mbili hainisumbui, hata fremu mpya za zamani hizo zilitoka hivyo. Ikifika nne, nyuma imepinda. Fundi mwenye vifaa anaweza kuinyoosha fremu ya chuma ikiwa baridi, na huo ndio uungwana wa chuma. Mkunjo wa chini ya bomba ni habari nyingine. Hapo chuma kimeshajikunja, na dawa yake ni kubadilisha bomba zima, kazi ambayo mara nyingi huipita baiskeli yenyewe kwa thamani.

Nyufa zina makazi yake. Ungio la bomba la mnyororo, lile la chini linalokwenda gurudumu la nyuma, na boksi la krenki, hasa upande wa kulia ambako nguvu ya miguu hupita. Vishikio vya ekseli vya nyuma. Lagi ya kiti. Kuzunguka vijichuma vilivyochomelewa kushikilia nyaya. Namwaga spiriti kidogo kwenye kitambaa, nafuta uchafu, naangaza tochi kwa pembeni, si kwa kuielekeza moja kwa moja, ili ufa utupe kivuli. Mpasuko wa rangi tupu ukiukwaruza kwa ukucha unapeperuka na chini yake chuma ni laini. Ufa wa kweli hushika ukucha, na mara nyingi una mstari wa kahawia unaovuja kutu kila baada ya kuoshwa.

Kutu ya juu juu hainiogopeshi. Inayoniogopesha ni ya ndani. Rangi iliyofura vilengelenge chini ya boksi la krenki inaonyesha maji yalikaa humo. Ukitoa nguzo ya kiti, elekeza tochi ndani ya bomba: vumbi la kahawia ni kawaida, magamba yanayobanduka si kawaida. Kuwa na sumaku ndogo mfukoni husaidia pia. Mahali inapokataa kushika kwenye bomba la chuma, kuna lipu chini ya rangi, na lipu imewekwa kuziba kitu.

Nguzo ya kiti, nimeitaja mara tatu sasa, na si bure. Nguzo ya alumini ndani ya bomba la chuma, ikitiwa jasho na maji ya mvua kwa miaka, hushikana nalo kana kwamba imechomelewa. Stemu, shina linaloshika usukani, hufanya vivyo hivyo. Mwombe muuzaji azilegeze mbele yako. Akisema zina nguvu kidogo tu, ujue hajawahi kuzitoa, au amejaribu akashindwa. Nimewahi kutumia siku nne kwa nguzo moja, nikaishia kuikata kwa msumeno kutoka ndani.

Alumini ina tabia tofauti na chuma: huvumilia kimya, halafu inakatika mara moja. Ndiyo maana sehemu tatu sizionei aibu kuzikataa hata kama ni nzuri. Krenki za zamani za Campagnolo Record zina ugonjwa unaojulikana, ufa kwenye kona pale mkono mkuu unapokutana na vidole vinavyobeba sproketi; safisha grisi yote kabla ya kuangalia, maana grisi huuficha. Usukani huoza chini ya utepe kwa jasho, kwa hiyo nafungua utepe hata ukiwa mpya, hasa ukiwa mpya, na nauangalia karibu na pale stemu inapoubana. Na stemu yenyewe: ina mstari wa kikomo, na nikiikuta imepandishwa kuupita, naiona kama imeshaumizwa. Fremu za alumini za kugundishwa kwa gundi, kama Vitus 979 iliyotoka mwaka 1979, hukaguliwa kwa sikio: shika mbele na nyuma, pinda kidogo, sikiliza kila ungio kama linalia.

Mengine hubadilishika na sitayarefusha. Ringi iliyokwanguliwa na breki hadi ukuta umeingia ndani, achana nayo. Angalia kama magurudumu ni 700C au inchi 27, maana tairi haziingiliani na tofauti ya kipenyo cha ringi ni milimita 8 tu, kosa rahisi kufanya. Zungusha ekseli za habu kwa vidole. Ukihisi mchanga, gololi au vikombe vyake vimechimbika. Cheni nzima ina milimita 304.8 kutoka pini hadi pini ya 24 inayofuata. Ikivuka 306 na nusu imekwisha, ikifika 308 imeshakula sproketi pia. Inua gurudumu la mbele na ugeuze usukani taratibu kupita katikati. Ukihisi unanasa kidogo pale pale unaponyooka, vikombe vya usukani vina mashimo ya gololi, na hilo huweza kutokana na kuendeshwa muda mrefu ukiwa umekazwa vibaya.

Mwisho kabisa naipanda, na si kabla, kwa sababu sitaki kugundua ufa wa foku nikiwa kwenye mteremko. Barabara tambarare, isiyo na magari, mwendo wa wastani. Naachia mikono kwa sekunde chache, nyonga zikiwa katikati ya kiti. Baiskeli iliyonyooka huendelea mbele bila kuhangaika. Ikivuta upande mmoja, nashuka, natoa uzi tena, na safari hii naanza kupima upande wa gurudumu la mbele.