Sera ya utalii ni nini? Mfuate mgeni kutoka Manda

Msimu wa kampeni, kila mwanasiasa anayeshuka gatini Lamu husema "tutainua utalii". Watu hupiga makofi, boti huondoka. Hiyo ni ahadi, bado si sera. Sera ya utalii ni maamuzi ambayo serikali imeyaandika na kuyatia pesa: wageni gani tunawataka, waingie kwa masharti yapi, walipe nini, na kitu gani kilindwe ili wawe na sababu ya kuja. Sheria ndiyo huipa meno. Sera itasema mgeni alale mahali pa kuaminika. Sheria ya Utalii ya 2011 ndiyo inayomtaka mwenye nyumba ya wageni awe na leseni.

Ukitaka kuiona sera kwa macho, usianze na makabrasha. Mfuate mgeni.

Anakutana nayo kabla hajapanda ndege. Tangu Januari 2024 Kenya imeondoa visa, badala yake wasafiri wengi huomba kibali cha kielektroniki. Hujaza fomu, hulipa, husubiri jibu. (Tofauti yake na visa mwulize aliyeijaza.) Wakati mwingine serikali hulegeza mlango ili kuvuta watu. Mwaka 2016, utalii wa pwani ukiwa hoi, ilifuta ada ya visa kwa watoto wa chini ya miaka 16, na ikaamua kuyalipa mashirika ya ndege za kukodi dola 30 kwa kila abiria waliyemleta Mombasa au Malindi. Huo ni mfano mzuri wa sera, kwa sababu una kiasi, una mlipaji na una mlipwaji. Ila Malindi njia ya ndege ni fupi, ndege kubwa haziwezi kutua, na upanuzi wake umeahidiwa tangu enzi hizo. Kwa hiyo Mwitaliano aendaye Malindi hutua Mombasa, kisha akapanda gari.

Mgeni wetu wa Lamu hutua Manda, kisiwa cha ng'ambo chenye uwanja wa ndege, kwa ndege ndogo. Mizigo husukumwa kwa mkokoteni hadi gatini, na hapo nahodha huhesabu vichwa na majaketi ya kuokolea kabla ya kung'oa nanga. Majaketi yale nayo ni sera. Hakuna mtalii anayepiga picha jaketi, lakini boti moja ikizama na wageni, matangazo yote ya mwaka huo yamekwenda na maji.

Sasa tazama risiti yake siku ya kuondoka Shela, kijiji cha mahoteli kisiwani Lamu. Chumba shilingi 10,000, na ndani ya hesabu za hoteli kuna asilimia 2 ya tozo ya utalii, yaani shilingi 200. Fedha hizo huenda kwa Mfuko wa Utalii, chombo cha serikali kuu, na kazi zake ni pamoja na kugharamia mafunzo ya watu wa hoteli na kutangaza nchi. Kutangaza kwenyewe hufanywa na Bodi ya Utalii ya Kenya. Ukaguzi na leseni ziko chini ya mamlaka nyingine. Hapa ndipo watu wa Amu, yaani Lamu, huuliza: "Hizo mia mbili zarudi?" Swali ni halali. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imegawa kazi mara mbili: sera na ukuzaji wa utalii ni kazi ya serikali kuu, utalii wa mashinani ni kazi ya kaunti. Tozo inakwenda juu. Taka za ufuoni na taa za vichochoroni zinabaki kwa kaunti, yenye leseni zake na mgao wake. Mwenye vyumba vitatu vya wageni mtaa wa Langoni hulipa huku na kule, na kila afisi humwambia shida yake iko afisi ya pili.

Halafu kuna kulinda. Mji wa Kale wa Lamu uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, na kinachomleta mgeni ni zile nyumba za matumbawe na chokaa, boriti za mikoko, zidaka (vishubaka) ukutani, punda usita wa mui, yaani njia ya mjini. Ndiyo maana mwenye nyumba mtaa wa Mkomani hawezi kuamka asubuhi akabomoa daka lake, ule ukumbi wa mlangoni, aweke duka la vioo. Sera inamzuia kwa faida ya mji mzima. Kwangu mimi ni sawa, ingawa fundi wa chokaa ni ghali kuliko wa saruji na bili humfikia yeye peke yake. Kumzuia mtu bila kumsaidia kukarabati ni nusu ya sera.

Lakini yaliyoutikisa utalii wa Lamu zaidi ya yote hayakutoka wizara ya utalii. Septemba 2011 watu wenye silaha walivamia Kiwayu, kaskazini mwa Lamu, wakamwua Mwingereza na kumteka mkewe. Wiki chache baadaye Mfaransa alichukuliwa nyumbani kwake Manda. Uingereza na Ufaransa zikawaonya raia wao wasifike. Juni 2014 yakaja mashambulizi ya mji wa Mpeketoni, yakifuatwa na kafyu ya miezi kadhaa. Kafyu ni amri ya usalama, lakini kwa mpishi, nahodha wa jahazi na muuza vikoi ndiyo iliyokuwa sera ya utalii ya mwaka ule. Wageni wakapungua, hoteli zikafunga, na wavuvi wa usiku, ambao hawajawahi kumhudumia mtalii, wakalala na njaa pamoja na watu wa hoteli.

Vivyo hivyo bandari. Katika Ruwaza ya 2030, mpango wa maendeleo ya nchi, Lamu ilipangiwa bandari na pia mji wa kitalii, vyote ndani ya mradi mmoja wa LAPSSET, ule wa bandari, barabara, reli na bomba la mafuta. Gati la kwanza lilianza kazi Mei 2021. Karatasi ileile inataka meli za makontena na wageni wanaokimbia kelele, na haisemi vikigongana nani apishe. Mtambo wa makaa ya mawe ulipopangwa Kwasasi, waliopinga walitaja uvuvi, afya na huo urithi wa UNESCO. Juni 2019 jopo la kitaifa la kesi za mazingira likafuta leseni yake.

Na kuna mgeni ambaye hakuja kwa ndege. Barabara ya Garsen hadi Lamu ilipotiwa lami, hakuna aliyeiita sera ya utalii. Siku hizi Desemba, kaskazi ikivuma, basi la Mombasa hufika Mokowe, gati la upande wa bara, limejaa familia za Nairobi, watoto wamelala mapajani, na mabaharia wa boti wanagombania mabegi kabla dereva hajazima injini.