Bayoinformatiki si kubonyeza programu za wengine

Wengi wanaochagua sayansi ya kompyuta yenye mkazo wa bayoinformatiki, yaani kuchambua data za baiolojia kwa kompyuta, hudhani kazi ni kuendesha programu zilizokwisha kuandikwa, kisha kusoma majibu. Sivyo. Jenomu ya binadamu, yaani DNA yake yote, ina herufi zipatazo bilioni 3, na mashine nyingi za kusoma DNA hutoa vipande vya herufi kama 150. Ukiisoma jenomu nzima mara 30, una vipande milioni 600 vya kupangwa, kila kimoja mahali pake. Kulinganisha kipande kimoja tu na jenomu yote kwa jedwali la Smith-Waterman, njia ya kulinganisha herufi kwa herufi, ni kujaza visanduku bilioni 450. Ndiyo maana algorithimu, miundo ya data na takwimu ndiyo masomo ya kuyashika kwanza. Baiolojia ya molekuli nayo usiikwepe. Bila hiyo hutalitambua jibu la kipuuzi hata likiwa mbele yako.

Tena makosa ya fani hii hayapigi kelele. Faili la BED, linaloorodhesha maeneo ya jenomu, huanza kuhesabu kwenye 0; la VCF, linaloorodhesha mabadiliko ya DNA, kwenye 1. Herufi ya 100 katika VCF huandikwa 99 hadi 100 katika BED. Ukisahau kubadilisha, programu humaliza kazi bila kulalamika, huku kila badiliko la jeni likiwa limesogea herufi moja.