Alama za mchezo wa simu si kipimo cha umakini

Tangu kampeni ya upimaji wa umakini ianze, kitengo chetu cha saikolojia kinapokea malalamiko ya aina moja: mtu amecheza mchezo kwenye simu, kapewa alama za juu, akija kwetu anapata matokeo ya kawaida na kudai amepunjwa. Hajapunjwa.

Uwezo wa kushika jambo moja huku mengine yakikuvuta hupimwa kwa kulinganisha. Katika kipimo cha Stroop cha mwaka 1935, neno "nyekundu" huandikwa kwa wino wa kijani, nawe utaje rangi ya wino. Ulimi hukimbilia "nyekundu". Tunachukua muda uliotumia hapo, tunatoa muda uliotumia kutaja rangi zisizo na maneno, na tofauti hiyo ndiyo tunayoisoma. Kwa hiyo kasi peke yake haitwambii kitu, ingawa ndiyo wengi wanayojivunia.

Kipimo kingine ni d2, kilichotolewa na mwanasaikolojia Brickenkamp mwaka 1962. Karatasi imejaa herufi d na p zenye vistari juu au chini. Unakata kila d yenye vistari viwili. Toleo la awali lina mistari 14, kila mmoja sekunde 20. Msimamizi akisema uhame, unahama hata kama hujamaliza. Ukirudi mstari wa juu, karatasi inabatilishwa. Ukiipiga picha, matokeo yanafutwa, na karatasi hiyo hutapewa tena. Asiyetofautisha rangi aseme kabla ya Stroop, si baada. Miwani njoo nayo.

Tafadhali msifanye mazoezi ya kipimo nyumbani. Alama zitapanda kwa sababu umeizoea karatasi, basi.

Je, umakini unaongezeka? Kwa michezo inayouzwa kama mazoezi ya ubongo, tahadhari. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2016 yaliyoongozwa na mwanasaikolojia Daniel Simons yalionyesha kwamba mchezaji huwa hodari katika mchezo wenyewe, lakini ushahidi kwamba faida hiyo inafika kwenye kazi za kila siku ni mdogo. Mwaka huohuo kampuni ya Lumosity, inayouza michezo ya aina hiyo, ilikubali kulipa dola milioni 2 kumaliza mashtaka ya matangazo ya kupotosha nchini Marekani.

Kinachosaidia kwa uhakika zaidi ni kupunguza vivutio. Utafiti wa mwaka 2015 ulibaini kwamba taarifa ya simu inapoingia, makosa huongezeka hata kama mhusika hajaigusa simu. Hivyo kuilaza kifudifudi mezani ikiwa inatetemeka si dawa. Izime, au iache chumba kingine. Na ulale vya kutosha kabla ya kupimwa.

Matokeo ya chini ya siku moja si ugonjwa, nasi hatutoi cheti cha ugonjwa kwa karatasi moja. Ila kama tatizo liko tangu utotoni na linakukwamisha kazini na nyumbani pia, muone daktari. Hilo linahitaji uchunguzi mpana kuliko huu wetu.