"Gari la Taka Litachanganya Zote": Maneno Niliyochoka Kuyasikia Kuhusu Mboji

Juzi kwenye mkutano wa mtaa huku Uyole, Mbeya, nimeyasikia tena, na kama kawaida aliyeyasema alipigiwa makofi: "Sasa mwalimu, mimi nikae natenganisha maganda na plastiki, halafu gari likija wanamwaga vyote pamoja. Si kazi bure hiyo?"

Hoja hii inanichosha kuliko zote kwa sababu mwanzo wake ni kweli. Gari linachanganya. Lina bodi moja, na vijana wanaopakia wana mitaa mingine inayowasubiri. Ila anayeuliza hivyo anaamini kwamba tunatenganisha kwa ajili ya gari. Tunatenganisha ili sehemu kubwa ya taka isipande gari kabisa.

Fungua ndoo ya taka ya nyumba yoyote Mwanjelwa, Ilomba au Nzovwe uangalie kilichomo. Maganda ya ndizi, maganda ya viazi, majani ya nje ya kabichi, kokwa na maganda ya parachichi, ugali uliolala. Kwa nyumba nyingi hivyo peke yake ni zaidi ya nusu ya uzito wote. Na katika uzito wa ganda bichi, zaidi ya robo tatu ni maji. Yaani mnachangishana ada ya taka ili dizeli iungue kubeba maji mpaka dampo! Yakifika huko yanafukiwa chini ya taka nyingine pasipo hewa, yanaanza kutoa methani, gesi inayoshika moto na inayochangia joto la dunia. Mvua ikinyesha, maji meusi yanayochuruzika hapo yanatafuta mto. Hayo yote ni maganda ambayo yangebaki nyuma ya nyumba yako yakawa mboji, yaani mbolea ya taka zilizooza.

Toa maganda, kisha ndiyo uniambie habari za gari. Kilichobaki ni kikavu, hakinuki, hakiiti nzi, kinaweza kukaa kwenye kiroba mwezi mzima kikimsubiri mnunuzi. Chupa za maji zina mnunuzi, vyuma chakavu vina mnunuzi, maboksi nayo yana wake. Wote hao wanapima kwa kilo, na boksi lililolowa maji ya ndizi mbivu hawaligusi. Gari litachukua kile kidogo kisichofaa popote, na hicho wakichanganye wanavyotaka.

Wapo wanaokubali yote haya halafu wanaongeza: "Basi wale vijana wa kikundi cha mboji cha mtaa watatenganisha wenyewe huko kwenye mboji, si ndiyo kazi yao?" Hapa huwa nashindwa kuficha uso wangu. Jikoni, kutenganisha ni kuamua mkono uende kulia au kushoto. Baada ya siku tatu kwenye kiroba kimoja ni sawa na kuchambua mchele ambao umeshapikwa. Vipande vya chupa na wembe vinakata mikono ya mtoto wa mwenzio. Betri ya tochi ikishapasuka ndani ya lundo, madini yake hayaozi, yanabaki kwenye mboji na kuingia kwenye bustani ya chainizi. Mboji yenye vioo hainunuliwi na mtu yeyote anayepalilia kwa mikono, na huku kwetu wengi wanapalilia kwa mikono.

Na tafadhali msianze na ndoo tano za rangi tano kama za kwenye mabango ya semina. Nimeona zinavyoishia: moja inafulia, nyingine inatunza unga. Weka ndoo moja yenye kifuniko kwa vinavyooza, kiroba kimoja kwa vikavu, na kopo dogo juu ya kabati, mbali na watoto, kwa betri na nyembe. Pembeni ya ndoo weka mfuko wa maranda. Mafundi seremala wengi wanashukuru ukiwapunguzia. Kila ukimwaga maganda, tupia konzi ya maranda juu yake. Hili la maranda nalirudia kila mahali mpaka watu wananicheka, lakini ndilo linaloamua kama mama mwenye nyumba ataendelea na ndoo au ataitupa wiki ya pili.

Tena afadhali wanaolalamikia harufu kuliko wanaoisifia. Kuna watu, wengine wakulima wa miaka mingi, wanaoamini kwamba mboji ikinuka sana ndiyo ina nguvu. Harufu kali inayochoma pua ni amonia, na amonia ni naitrojeni inayokukimbia. Unachonusa ni mbolea yako ikienda angani. Hiyo inatokea vibichi vikizidi. Harufu ya yai viza nayo inakuambia lundo limelowa na hewa haipiti. Dawa ya zote mbili inafanana: ongeza vikavu vinavyooza, pindua. Kwa kukadiria, ndoo moja ya maganda iende na ndoo mbili mpaka tatu za vikavu, kama majani makavu ya migomba, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa au maranda. Pumba za mpunga zinasaidia kupitisha hewa, ila zenyewe zinachelewa mno kuoza, usizitegemee peke yake. Mboji iliyoiva inanukia udongo uliopata mvua ya kwanza. Ikinuka vinginevyo, bado.

"Mbeya baridi, mboji haiivi." Joto la lundo halitoki juani, linatoka kwa vijidudu vinavyokula humo ndani, na Julai havijali sana umevaa koti. Kinachohitajika ni ukubwa: angalau mita moja kwenda juu, mita moja kila upande, na majani ya migomba ya kufunika. Kijilundo cha magotini kitapoa hata Kyela kwenye joto. Chomeka fimbo katikati, iache kidogo, ichomoe uishike. Kama ni ya moto kiasi cha kutaka kuiachia, lundo linafanya kazi. Katikati panaweza kufika nyuzi 60. Adui wa kweli huku ni mvua ya kuanzia Novemba mpaka Aprili. Turubai ni lazima.

Mfuko mbadala hauozi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, watu wameshika kwamba hii mipya inayofanana na kitambaa ni ya kitambaa. Imetengenezwa kwa polipropilini, na hiyo ni plastiki. Kila lundo ninalopindua nakuta vipande vyake. Utumie mpaka uchoke, kisha upeleke kwenye kiroba cha vikavu.

Si kila kinachooza kinafaa kwa mboji ya mtaa. Nyama na mifupa vinaita mbwa na panya. Majani ya mikaratusi yanachelewesha lundo zima. Majivu kidogo sawa, lakini anayemwaga majivu ya wiki nzima anaifukuza ile naitrojeni niliyoisema. Wanaolima viazi wanisikilize hapa: viazi au nyanya zilizougua mnyauko bakteria zisiletwe. Joto la katikati linaweza kuua vimelea, ila pembeni pa lundo hapafiki joto hilo, na ugonjwa huo unakaa kwenye udongo. Utakuwa umeugawa mtaa mzima kwa toroli.

Halafu kuna wenzangu wa upande huu, wanaoeneza kwamba mwenye mboji haihitaji tena mbolea ya dukani. Wanatuharibia. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Mboji nzuri, ikiwa kavu, ina kama asilimia moja au moja na nusu, kwa hiyo kufikisha kilo hizo 23 unaweza kuhitaji hata zaidi ya tani mbili, na msimu wa kwanza mmea utapata sehemu tu ya hizo. Mboji inakupa kitu ambacho yurea haina: udongo unaoshika maji na usiogeuka tofali kiangazi. Kwa chainizi na figiri za nyuma ya nyumba, itie kila msimu, inatosha. Kwa ekari ya mahindi, weka mboji kwenye mashimo wakati wa kupanda pamoja na mbolea yako ya kupandia, na yurea ya kukuzia uitie mahindi yakifika magotini.