Msuli Wenye Njaa na Msuli Ulioshiba

Nile kabla ya mazoezi au baada? Swali hili huniandama kila ninapotaja kwamba kazi yangu ni fiziolojia ya mazoezi, yaani kuchunguza jinsi mwili unavyofanya kazi na kubadilika kwa mazoezi. Jibu langu huanza na swali jingine: unataka msuli wako ubadilikeje? Mazoezi huushtua msuli tu. Ujenzi wenyewe huendelea kwa saa nyingi baada ya kuoga na kupumzika, jeni zinapowashwa na protini mpya kutengenezwa. Chakula nacho kina usemi katika jeni zipi ziwashwe.

Chukua wanga. Ndani ya msuli huwekwa akiba kama glaikojeni. Mwaka 1966, Jonas Bergström na Eric Hultman wa Sweden walijifanyia jaribio ambalo bado nalihusudu kwa wepesi wake: walikaa pande mbili za baiskeli moja, kila mmoja akisukuma pedali kwa mguu mmoja. Kisha wakala wanga kwa wingi siku 3, huku wakitolewa vipande vidogo vya misuli kwa sindano. Mguu uliofanya kazi uliishia na glaikojeni karibu mara mbili ya ule uliopumzika. Mwili mmoja, chakula kilekile, miguu miwili yenye majibu tofauti.

Baadaye ikaonekana kwamba glaikojeni si akiba tu, ni ishara pia. Kimeng'enya kiitwacho AMPK, ambacho hupima hali ya nishati ndani ya seli, kina sehemu inayonata kwenye glaikojeni. Akiba ikiwa ndogo, AMPK huamka kwa nguvu zaidi unapofanya mazoezi, na kupitia protini ya PGC-1α huchochea seli iongeze mitokondria, vijinu vyake vya kuzalisha nishati. Mwaka 2005 watafiti wa Denmark waliwafundisha vijana 7 wasio na mazoea ya mazoezi kwa wiki 10. Mguu mmoja ulifanya kazi kila siku. Mwingine ulifanya vipindi viwili siku moja na kupumzika siku inayofuata, hivyo kipindi cha pili kiliukuta na glaikojeni kidogo. Jumla ya kazi ilikuwa sawa. Mguu wa pili ndio uliokuja kustahimili muda mrefu zaidi, tena kwa mbali.

Habari hizi ziliwafanya wengi wakimbie na njaa. Mimi siungi mkono sana. Msuli mtupu hauwezi kasi, na kwa wanariadha waliokwisha iva, mitokondria zaidi mara nyingi haikuzaa ushindi zaidi. Kipindi kimoja chepesi kwa wiki, sawa. Njaa ya kudumu ni hadithi nyingine: homoni huvurugika, mifupa hudhoofika, na wanawake hukosa hedhi.

Kwa anayenyanyua vyuma mambo hugeuka. Hapa mwamuzi ni mTORC1, kundi la protini ndani ya seli ambalo husukuma utengenezaji wa protini mpya, nalo linataka kusikia kwamba asidi amino, yaani vijenzi vya protini, zimefika, hasa ile iitwayo leusini. Ukinyanyua ukakaa bila kula, ujenzi hupanda lakini ubomoaji nao unabaki juu, na hesabu huwa hasara mpaka protini iingie. Gramu 20 hivi za protini bora humtosha kijana wa wastani kwa mlo mmoja. Mzee huhitaji zaidi, kama gramu 0.4 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa sababu msuli wake umekuwa mzito wa kusikia. Haraka ya kunywa protini kabla hata jasho halijakauka haina msingi: msuli hubaki msikivu kwa saa 24 au zaidi.

Kinachonikera ni vidonge vya vitamini C na E vinavyouzwa kama kinga ya uchovu. Mazoezi huzalisha molekuli kali za oksijeni, na kwa kiasi fulani ndizo zinazoiambia seli ijiimarishe. Mwaka 2009 Michael Ristow na wenzake wa Ujerumani walionyesha kwamba miligramu 1,000 za vitamini C pamoja na yuniti 400 za vitamini E kila siku, kwa wiki 4 za mazoezi, zilizuia mwili usizidi kuitikia insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Waliofanya mazoezi bila vidonge walipata faida hiyo. Matunda na mboga havimo katika lawama hii, endelea kula. Na kama daktari ndiye aliyekuandikia vidonge hivyo, zungumza naye kwanza kabla ya kuviacha.